Nyumba mpya Njombe, sijapaua bado: nipange vipi joto la ndani?

Nesi wa Njombe (mleta mada)

Habarini wakuu. Najenga Njombe, nje kidogo ya mji uelekeo wa Uwemba. Ukuta wa tofali za kuchoma umefika usawa wa lenta, mbao za kenchi ziko saiti, zege la lenta tunamwaga mwezi ujao Mungu akipenda. Nataka ushauri sasa hivi, kabla ya kupaua, maana naona hili ni jambo ambalo ukishaezeka bati limekupita.

Shida yangu ni joto. Ndugu zangu wa Dar na Tanga mtanisamehe, ila anayeishi huku anajua Juni hadi Agosti pakoje. Usiku nyuzi zinashuka chini ya 10, asubuhi ukungu unakaa hadi saa nne, nguo zinashinda kwenye kamba siku mbili hazikauki. Nyumba ninayopanga sasa ina bati na silingibodi nyembamba, na ndani ni baridi kuliko nje jua likishatoka.

Mama yangu yuko Makete, ana miaka 74. Magoti yanamsumbua na kifua kinambana. Maisha yake yote ameota moto wa kuni jikoni, na nimembembeleza muda mrefu ahamie kwangu. Amekubali, lakini amesema wazi: nyumba isiyo na pa kuota moto hatalala. Kwa hiyo nataka moto anaouona kwa macho, ila moshi asiuvute hata kidogo.

Ramani iko hivi. Sebule mita 5 kwa 6, iko kona ya kusini magharibi, inaangalia barabara upande wa kusini. Nyuma yake, upande wa kaskazini, kuna chumba nilichokusudia kiwe stoo na cha wageni. Chumba cha mama nimekiweka mashariki, karibu na choo. Jiko liko mashariki pia. Paa ni la mgongo mmoja, kofia inakwenda mashariki magharibi. Madirisha ni ya aluminiamu, kioo kimoja.

Nilivyoambiwa mpaka sasa: fundi wangu anasema dohani (njia ya kutolea moshi juu ya paa) si kazi, tupaue kwanza halafu tutatoboa bati. Muuza vifaa vya umeme anasema ninunue hita za kuchomeka kila chumba. Jirani ana hita ya gesi ya magurudumu, anaisifia sana. Kuna aliyeniambia AC inaweza kutoa joto, sikumwelewa.

Kitu kimoja sitaki mnishauri, nacho ni jiko la mkaa chumbani. Nafanya kazi wodini. Kila msimu wa baridi wanaletwa watu waliolala na jiko la mkaa mlango umefungwa, wengine familia nzima, na wengine wanafika tumeshachelewa. Mkaa uliokolea hauna moshi, ndiyo maana watu wanauamini. Hewa ya sumu unayoitoa haina harufu wala rangi, inashika damu mahali pa oksijeni, na aliyelala haamki ajinusuru. Hilo kwangu limefungwa.

Fundi Dohani, Mafinga

Dada, shikamoo ya mama ifike Makete. Umeuliza wakati wake. Mimi najenga dohani Mufindi na Njombe, na kazi kubwa ninayoitiwa ni kurekebisha zile zilizotobolewa baada ya kupaua. Fundi wako anayesema mtatoboa baadaye, mwambie hivi: dohani ya tofali inaanzia kwenye msingi. Ina uzito wake na inataka zege lake chini, pana kuliko yenyewe, lisiloshikana na msingi wa ukuta, kwa sababu viwili hivyo vitatitia tofauti na ufa utapita katikati. Huwezi kuja kuisimamisha juu ya sakafu.

Sasa nimeisoma ramani yako na nina neno kubwa moja. Mhamishe mama. Chumba cha kaskazini nyuma ya sebule kiwe chake, stoo iende mashariki. Sababu ni mbili.

Kwanza jua. Huku kwetu tuko nyuzi 9 kusini ya mstari wa Ikweta. Mwezi wa sita na wa saba jua liko kaskazini. Hata saa sita mchana halifiki utosini, linakuja limeinama na kuingia dirishani. Mwezi wa kumi na mbili limehamia kusini, dirisha hilohilo linapata kivuli wakati huhitaji joto. Chumba cha kaskazini kinapewa jua la bure msimu ule ule wa baridi. Dirisha la kusini la sebule yako halitaliona jua miezi hiyo yote. Na kwa kuwa lenta haijamwagwa, tanua dirisha la kaskazini la chumba hicho kesho asubuhi, ni tofali chache tu za kutoa.

Pili, ukuta ulio kati ya sebule na chumba hicho uko karibu kabisa chini ya kofia ya paa. Hapo ndipo pa kupandishia dohani. Mdomo wa moto unaangalia sebuleni, mgongo wake unapasha ukuta wa mama usiku kucha. Ikitokea karibu na kofia, inayobaki nje ni fupi, upepo hauiyumbishi, na maji ya mvua hayana mteremko mrefu wa kuja kuigonga kwa nyuma. Zinazotokea chini kwenye ukingo wa paa ndizo zinazovuja, na ndizo zinazorudisha moshi, kwa sababu upepo ukivuka kofia unashuka na kuusukuma ndani.

Vipimo ninavyofuata: dohani ipite bati kwa sentimita 90 angalau, na iwe juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa sentimita 60, kofia ikiwemo. Mbao za kenchi zikae mbali na tofali za dohani sentimita 5 au zaidi, pande zote. Mwite fundi kenchi aje muelewane, apange boriti zake ziipishe, asije kukata chini ya kenchi iliyokwisha kupigwa. Ndani ya njia ya moshi usipige plasta ya saruji tupu, joto linaipasua na kuimwaga. Pale moto unapokaa tumia tofali zinazohimili moto, kiungo chembamba cha udongo wa mfinyanzi na mchanga. Nje tofali zako za kuchoma zinatosha kabisa.

Ukitaka mdomo wa wazi, upana sentimita 80 kwa kimo 70, njia ya moshi iwe kati ya sehemu ya nane na ya kumi ya eneo hilo, yaani karibu sentimita 25 kwa 25. Nyumba ya chini dohani yake ni fupi, kwa hiyo mimi ningependelea ya nane. Wengi wanafanya mdomo mkubwa wa kupendeza na koo dogo, halafu wanalaumu kuni.

Ila kwa ajili ya kifua cha mama, na ninasema hivi nikijua napunguza kazi yangu mwenyewe, usiweke mdomo wa wazi. Weka jiko la chuma lenye mlango wa kioo ndani ya uwazi huo, bomba lake lipande kwenye dohani. Moto atauona. Mdomo wa wazi unanyonya hewa ya sebule yote na kuipeleka juu pamoja na joto lake. Ukikaa mbele uso unaungua na mgongo unaganda. Nyumba za zamani za mameneja wa chai Mufindi zinazo, ni nzuri kutazama, na zinakula kuni vibaya sana.

Mdau wa Tampere

Nimefurahi kuona mada hii. Mimi ni Mtanzania, niko Finland, kazi yangu ni kufunga mashine za joto majumbani. Huku baridi ni nyingine kabisa, lakini hesabu ni ileile, kwa hiyo nimeifanya kwa sebule yako.

Chukua saa kumi alfajiri, nje nyuzi 7, ndani unataka 19. Tofauti ni nyuzi 12. Dari ya jipsamu chini ya bati, bila kitu juu yake, mita za mraba 30, itapoteza takriban wati 1,080. Kuta mbili za nje za tofali, karibu wati 690. Madirisha mawili ya kioo kimoja, wati 370. Hewa inayopenya kwenye mianya, tuseme 330. Jumla inafika kama kilowati 2 na nusu.

Sasa tandika juu ya dari pamba ya glasi ya unene wa sentimita 10. Dari inashuka kutoka wati 1,080 hadi kama 145. Jumla ya sebule inakuwa kilowati 1 na nusu. Hujanunua hita yoyote, na umeshapunguza zaidi ya theluthi ya mzigo, kila usiku, miaka yote. Dada, pesa ya kwanza iende darini. Kabla ya jiko, kabla ya AC. Pamba hiyo haidaiwi LUKU. Aliyeitandika avae barakoa na mikono mirefu, inawasha, na isiguse dohani: acha nafasi na uizungushie bati.

Hita za kuchomeka si mbaya kwa ubora, zinageuza umeme wote kuwa joto, lakini umeme ndio ghali. Sebule ya kilowati 1 na nusu kwa saa 4 ni uniti 6. Kwa shilingi 350 na ushee kwa uniti, ni zaidi ya shilingi 2,100 kila jioni, chumba kimoja. Ukiacha dari tupu ni uniti 10.

AC ya inverta aliyokuambia huyo mtu haipiki joto, inalihamisha. Inalichota nje, hata hewa ya nyuzi 7 ina joto la kuchotwa, na kuliingiza ndani. Kwa hali ya hewa yenu uniti moja ya umeme inaleta kama tatu za joto. Kwa hiyo zile uniti 6 zinakuwa 2, kama shilingi 700. Kitu cha kuangalia dukani: AC nyingi zinazouzwa nyumbani ni za kupoza tu. Hakikisha rimoti ina alama ya jua na kibandiko kimeandikwa uwezo wa kupoza na wa kupasha, viwili tofauti. Ndogo ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya AC) inatosha.

Kuni nazo: kilo moja ya kuni kavu ina kama kilowati saa 4. Jiko la mlango wa kioo linakupa asilimia 70 ya hizo, mdomo wa wazi unakupa kama 15. Jioni ya saa 5 sebuleni kwako ni chini ya kilo 3 kwenye jiko, au zaidi ya 12 kwenye mdomo wa wazi. Fundi wa Mafinga amesema kweli tupu.

Wanjiku wa Kinangop

Hamjambo. Niko North Kinangop, Kenya, tuko juu kuliko nyinyi, na Julai hapa ni kali. Nilikuwa na ile hita ya gesi ya magurudumu. Dadangu, usiiweke chumba cha mtu mwenye kifua. Gesi ikiungua inatoa maji: kilo moja ya gesi hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke, na yote inabaki nyumbani kwa sababu hiyo hita haina bomba la kutoa nje. Madirisha yanalia asubuhi, pembe za ukuta zinashika ukungu mweusi, na hiyo ndiyo inaharibu kifua. Ukifungua dirisha ili kutoa unyevu, joto linaenda nalo. Tena inakula hewa ya chumba sawa na moto mwingine wowote.

Kwa dari, sisi tuliweka mbao za kushikana na pamba juu yake. Tofauti tuliiona usiku wa kwanza. Na mapazia mazito yanayofika chini, ukifunga saa kumi na mbili jioni kabla joto la mchana halijatoka, yanasaidia sana kwenye madirisha ya kioo kimoja.

Nesi wa Njombe (mleta mada)

Ahsanteni sana, sikutegemea majibu ya uzito huu. Mama nimempigia. Aliposikia moto utakuwa nyuma ya kioo akanyamaza, halafu akauliza kama ataweza kuchoma mahindi. Nikamwambia mlango unafunguka.

Chumba kimehamishwa kwenye ramani, fundi atatanua dirisha la kaskazini Jumatatu. Pamba ya dari nimeiweka mbele ya kila kitu. Nina maswali yaliyobaki. Fundi, jiko la chuma linahitaji hewa kutoka wapi kama madirisha ya aluminiamu yanabana? Kuni za huku zipi? Na ndugu wa Tampere, kama mgongo wa dohani uko chumbani kwa mama, hewa ya sumu haiwezi kupenya ukutani?

Mdau wa Tampere

Swali la mwisho ndilo la maana kuliko yote. Inaweza kupenya kama dohani ina ufa. Kwa hiyo usitegemee njia ya tofali peke yake: shusha bomba la chuma cha pua la sentimita 15 kutoka juu hadi kwenye jiko, moshi upite ndani ya bomba na tofali ziwe koti tu. Upande wa chumbani upigwe plasta nzuri bila kuacha tundu hata la swichi. Halafu nunua kengele ya kaboni monoksidi (ndiyo hiyo hewa ya sumu), ya betri, moja chumbani kwa mama usawa wa kitanda, nyingine sebuleni. Angalia tarehe ya kwisha nyuma yake.

Na jambo moja ambalo Wafini wanafundishana toka utotoni: kizibo cha dohani hakifungwi mpaka makaa yawe meusi kabisa. Mtu anataka joto lisitoroke, anafunga makaa bado yana rangi ya buluu au nyekundu, na sumu ile ile unayoiona wodini inarudi ndani. Mimi kwa nyumba yako ningekwambia usiweke kizibo cha kufunga kabisa. Jiko lenye mlango mzuri halikihitaji.

Fundi Dohani, Mafinga

Naunga mkono, bila kizibo.

Hewa: kabla ya kumwaga zege la sakafu laza bomba la inchi 4 kutoka ukuta wa nje hadi chini ya jiko, nje weka wavu wa kuzuia panya. Jiko livute hewa yake huko. Usipofanya hivyo, siku ukiwasha feni ya kutolea hewa jikoni, itauvuta moshi wa dohani sebuleni. Weka bomba hilo sasa, sakafu ikishamwagwa utakuwa unapasua.

Mbele ya jiko sakafu iwe ya vigae au zege kwa nusu mita, zulia lisifike. Bomba tupu kabla halijaingia dohani likae mbali na mbao sentimita 45. Na usifunike dari ya mbao hapo juu yake, hapo weka jipsamu au saruji.

Kuni: miwati ndiyo bora ya huku. Ni mizito, inakaa na makaa, na kwa kuwa watu wanaichuna magome kwa ajili ya kiwanda cha tanini (dawa ya kusindika ngozi), magogo yake yanapatikana. Mlingoti, yaani mkaratusi, unafuata, ila uupasue mapema, ukikauka mzima unakuwa chuma. Paini tumia vijiti vya kuwashia tu. Ina utomvu, na ikichomwa mbichi inaacha masizi ya lami ndani ya bomba, siku moja masizi hayo yanashika moto na dohani inanguruma. Kuni yoyote ikae mwaka mmoja imepasuliwa, chini ya bati, pande wazi upepo upite. Kuni mbichi nusu yake ni maji, unatumia moto kuyachemsha. Kwa hiyo kuni za mama za mwakani zinunuliwe mwaka huu, wakati nyumba inajengwa. Mafundi wakishamaliza kenchi, mabaki ya bati yanatosha kuezeka banda lake.

Bomba lisuguliwe kila Mei kabla ya baridi, kwa brashi ya waya. Ndiyo maana nakwambia acha kidirisha cha chuma chini ya dohani, cha kutolea masizi, usije ukayamwaga juu ya makochi.

Nesi wa Njombe (mleta mada)

Nimeandika kila kitu kwenye daftari la saiti. AC nitamwambia fundi umeme aache waya wake na sakiti breka yake chumbani kwa mama, mashine yenyewe nitanunua mwakani pesa ikiruhusu. Usiku kuni zikizima ataiwasha kwa muda wa saa mbili au tatu alfajiri. Hita ya gesi hapana.

Fundi, la mwisho. Msingi wa ukuta umeshakauka na kifusi kimejazwa. Zege la dohani tunaliwekaje sasa?

Fundi Dohani, Mafinga

Sakafu haijamwagwa, bado uko salama. Chimbeni kifusi hapo kwenye ukuta wa kati mpaka mkute ardhi ngumu ya asili, msiridhike na kifusi kilichoshindiliwa. Mita 1 na robo kwa mita 1, zege la unene wa sentimita 25, nondo za milimita 12 kwenda na kurudi, kila sentimita 20. Kati yake na msingi wa ukuta wekeni karatasi ya nailoni nzito au ubao wa sentimita 1 mtakaoutoa baadaye, visishikane. Limwagiliwe wiki nzima ndipo tofali ya kwanza ikae. Dohani ipande hadi usawa wa kenchi kabla fundi wa paa hajaanza, na hapo juu aifuate yeye.

Ukiwa tayari kuchimba weka picha ya shimo hapa kabla hujamwaga, niione ardhi yake.

Nesi wa Njombe (mleta mada)

Sawa fundi. Vijana wanaanza kuchimba Jumatano, picha nitaiweka jioni hiyo hiyo.